Uliza Kazi Zote: Ushauri kwa Wanaoanza Kliniki ya Mapafu

Mnaoanza kazi katika kliniki ya mapafu mtakutana mapema na mgonjwa ambaye amekwisha kupewa dawa za pumu, kisha za nimonia, na bado anahema akipanda ngazi na kukohoa kikohozi kikavu. Ukimwekea stetoskopu mgongoni, upande wa chini, unasikia mwishoni mwa kuvuta pumzi mlio mwembamba kama wa velkro inayobanduliwa kwenye kiatu. Hiyo ni dalili ya kundi la magonjwa ya tishu za kati za mapafu (kwa Kiingereza interstitial lung diseases), ambayo ni zaidi ya 200 na huvimbisha na kutia makovu kuta nyembamba za vifuko vya hewa, mahali oksijeni inapopita kuingia kwenye damu. Mwanzoni spirometri, yaani kipimo cha kupuliza hewa, inaweza kutoka safi kabisa, ilhali kipimo cha upitishaji wa gesi kimekwisha kushuka.

Vipimo mtavizoea. Kinachochelewa kuzoeleka ni kuchukua historia ya kazi, na hapo ndipo chanzo cha ugonjwa hupotea. Muulizeni mgonjwa kazi zote tangu ya kwanza, hata kibarua cha miezi michache alichofanya ujanani. Silikosisi ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, na asbestosisi, inayotokana na nyuzi za asbestosi, mara nyingi huchukua miaka 20 na kuendelea, kwa hiyo anayeulizwa tu "unafanya kazi gani?" atajibu kwa ukweli kwamba ni mlinzi, au amestaafu, na jibu hilo halitawafikisha popote.

Jina la kazi nalo hudanganya. Akisema alikuwa fundi, uliza alishika nini mkononi, alikata jiwe likiwa kavu au kwa maji, alivaa barakoa ya aina gani, na jioni nani alifagia. Wanaokata kaunta za jikoni za mawe yaliyotengenezwa kiwandani, ambayo baadhi yake yana silika inayozidi asilimia 90, wanaweza kuugua vibaya wakiwa bado vijana, baada ya miaka michache tu ya kazi. Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024. Mgonjwa wa silika akianza kukonda na kutoka jasho usiku, pimeni makohozi yake kabla ya kulilaumu vumbi, kwa kuwa silika humweka katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu.

Asiyewahi kuajiriwa naye ana mengi ya kusimulia. Mama aliyefua kwa miaka ovaroli za mumewe zilizojaa nyuzi za asbestosi amezivuta nyuzi hizo akiwa nyumbani kwake. Ulizeni habari za njiwa na kasuku, mito ya manyoya, nyasi zilizoota ukungu na kuta zenye unyevu, kwani mapafu ya baadhi ya watu hupata mzio wa vitu hivi: homa, baridi na kikohozi huanza saa 4 hadi 8 baada ya kuvivuta, hupoa vyenyewe, na hudhaniwa kuwa mafua. Akipata nafuu kila anaposafiri, hiyo ni dalili ya kufuatiliwa, ingawa makovu yakishakomaa safari haisaidii tena. Orodha ya dawa pia isomwe yote, kwa sababu amiodaroni, methotreksati na nitrofurantoini zinaweza kuleta picha hiyohiyo.

Binafsi sipendi kuona "chanzo hakijulikani" kwenye faili ambalo sehemu ya kazi ina neno moja. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya vilikadiria kwamba takriban asilimia 26 ya ugonjwa wa makovu unaopewa jina hilo inatokana na mambo ya kazini. Dawa za pirfenidoni na nintedanibi hupunguza kasi ya makovu bila kuyaondoa, hivyo kumtenga mgonjwa na chanzo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ukishapata chanzo, uliza kama wenzake kazini nao wanakohoa, kwa sababu anayefika kliniki huwa mara chache peke yake. Lakini zungumza naye kabla ya kumwandikia mwajiri barua yoyote, ueleze barua itasema nini na itasomwa na nani, kwani yeye ndiye atakayepoteza mshahara.