Databesi inaulizwa kila sekunde na bado mabadiliko yananipita

SWALI: Habari za kazi. Nina databesi ya MongoDB, data imegawanywa kwenye shadi kadhaa (vipande vinavyokaa kwenye seva tofauti), na programu yangu inaiuliza kila sekunde 2 kama kuna rekodi iliyobadilika, naangalia ile fildi ya muda wa mabadiliko. Seva zinahema hata saa ambazo hakuna mtu, na bado kuna vitu vinanipita. Nikiweka kila dakika watumiaji wanalalamika taarifa zinachelewa. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri tu. Tuanze na hivyo vinavyokupita, maana mzigo wa seva unaonekana ila data iliyopotea kimya kimya huioni. Saa za seva hazilingani. Umesoma hadi 10:00:05 ukaweka alama, halafu seva ambayo saa yake iko nyuma inaandika rekodi yenye 10:00:03, basi hiyo ndo imeenda, swali lako linalofuata linaanzia 05 na halitarudi nyuma. Na kilichofutwa je? Hakipo tena, utakiulizaje? Kwa hiyo hata ukiuliza kila milisekunde tatizo liko palepale.

Achana na kuuliza, sikiliza logi. MongoDB tayari inaandika kila badiliko kwenye oplogi (logi yake ya mabadiliko) ili nakala za data zifuatane, na tangu toleo la 3.6 la 2017 unaweza kufungua mtiririko wa mabadiliko kwa komandi ya watch. Unaunganisha mara moja, unakaa, kikibadilika kitu unaletewa. Ukipitia mongos (programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwenye shadi) mabadiliko ya shadi zote yanakuja kwa mpangilio mmoja, na unapata yale tu ambayo nodi nyingi (seva zenye nakala) zimeshayakubali, hivyo hutakimbilia kitu ambacho kesho yake kimerudishwa nyuma.

Sasa sehemu ambayo watu wengi wanairuka, halafu wanasema mtiririko hauaminiki: kila tukio, yaani kila badiliko unaloletewa, linakuja na tokeni ya kuendelea, alama ya mahali ulipofika. Ihifadhi mahali pa kudumu, na uihifadhi BAADA ya kumaliza kazi ya tukio lile, sio kabla. Programu ikizima katikati ikirudi itaanzia kwenye tokeni, ndiyo, tukio moja linaweza kuja mara mbili, kwa hiyo andika kwa kufuata _id (kitambulisho cha kila rekodi) ili kurudia kusiharibu kitu. Kuja mara mbili kunavumilika, kutokuja kabisa hapana.

Kufuta nako utaletewa, ila kwa kawaida unapata _id na ufunguo wa shadi (fildi inayoamua rekodi ikae shadi ipi) tu. Ukitaka rekodi ilivyokuwa kabla, toleo la 6.0 kwenda juu lina hiyo kitu, unaiwasha kwa kila koleksheni (kundi la rekodi) na inakula diski, so usiwashe kila mahali.

Halafu oplogi ina mwisho wake, ikijaa ya zamani inafutwa. Programu ikilala muda mrefu kuliko oplogi inavyobeba, tokeni inakufa na itabidi usome data yote upya. Endesha rs.printReplicationInfo() kwenye kila shadi uone inabeba masaa mangapi, ikiwa machache ongeza saizi leo leo.