Gari Linalokula Chaji Likiwa Limezimwa

Kwa miezi minne gari langu, Toyota Corolla ya mwaka 1998 lililoingia Tanzania likiwa limeshatumika Japani, lilikuwa likiwaka vizuri kuanzia Jumanne hadi Ijumaa na kugoma kila Jumatatu asubuhi. Nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zilififia, stata ikagonga tak-tak-tak, kisha kimya. Kwa kuwa ni la gia otomatiki, hata kulisukuma hakukusaidia, na majirani walizoea kuniona nimesimama getini na nyaya mkononi, nikitafuta wa kunibusti, yaani wa kuniazima umeme wa betri yake ili langu liwake.

Kosa langu lilikuwa kununua kabla ya kupima. Fundi wa kwanza alisema betri imechoka, nikanunua mpya. Wa pili akasema alteneta, mashine inayoijaza betri injini ikiwa inazunguka, haichaji, akanifungia nyingine ya mtumba. Jumatatu iliyofuata gari liligoma vilevile. Ndipo niliponunua maltimita, yaani mita ya mkononi ya kupimia volti na ampea, ya bei ndogo, ambayo ilinigharimu sehemu ndogo sana ya fedha nilizokwisha kuzimwaga kwenye alteneta.

Mita hiyo ilijibu maswali mawili siku ileile. Betri nzima iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma takriban volti 12.6, na ikifika 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji. Injini ikiwa inaunguruma, usomaji wa kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye betri unaonyesha kwamba alteneta inafanya kazi. Yangu ilisoma 14.1. Ijumaa usiku, saa kadhaa baada ya kuegesha, betri ilisoma 12.5, na Jumatatu alfajiri ikasoma 11.9, ingawa hakuna aliyeligusa gari hilo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachokunywa umeme gari likiwa limelala, tena kidogo kidogo kiasi kwamba usiku mmoja haukutosha kuimaliza betri, lakini mwisho wa juma ulitosha.

Ili kukipata, nililegeza kichwa cha waya kilichobana nguzo ya hasi ya betri kwa spana namba 10, nikahamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha nikaiweka mita katikati ya nguzo ya hasi na waya uliotoka pale, ili kila umeme unaotoka kwenye betri ulazimike kupita ndani ya mita. Katika hali hiyo usiwashe gari wala kifaa kikubwa chochote. Mimi niliwasha taa kubwa kwa mazoea tu, na taa mbili za wati 55 pamoja na taa za nyuma huvuka ampea 10, hivyo fyuzi ya ndani ya mita ikaungua na kazi ikaishia hapo hadi kesho yake.

Jambo la pili lililonichelewesha ni mlango. Sanduku la fyuzi liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na nilipofungua mlango ili kulifikia, taa ya ndani iliwaka na mita ikaruka karibu na ampea 0.8, nikadhani nimempata mwizi. Ilibidi nikibane kitufe cha mlango kwa selotepu ili gari liamini kwamba mlango umefungwa, kisha nisubiri dakika kumi. Magari ya zamani yana kompyuta chache na hulala mapema. Mapya huweza kuchukua nusu saa au zaidi, na asiyesubiri atasoma namba ya uongo.

Mita ilipotulia ilisoma ampea 0.34. Gari la umri huo likiwa limezimwa halipaswi kuvuka ampea 0.05, ambazo ni za vitu kama saa na kumbukumbu ya redio. Betri yangu ni ya ampea-saa 35, yaani ikijaa inaweza kutoa takriban ampea moja kwa saa 35; ukizidisha 0.34 kwa saa 60, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, unapata zaidi ya ampea-saa 20, na foleni za kwenda kazini hazikuwa zikiijaza betri hiyo sawasawa.

Nilianza kuchomoa fyuzi moja moja huku nikiitazama mita na kurudisha kila fyuzi kabla ya kugusa nyingine. Nilipochomoa iliyoandikwa DOME, namba ilishuka hadi 0.03. Fyuzi hiyo hulisha taa ya ndani, saa na redio. Taa ilikuwa imezima, saa haiwezi kula kiasi hicho, kwa hiyo nikaichomoa redio.

Wenye magari ya Japani mnajua kisa cha redio zake: kule masafa ya FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani hukomea 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Mtu aliyeniuzia gari alikuwa amefunga redio nyingine. Nyuma yake nilikuta waya wa njano, unaopaswa kuwa na umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, umesokotwa pamoja na ule mwekundu, unaopaswa kupata umeme ufunguo unapozungushwa tu, na zote mbili zimeviringishiwa selotepu iliyokwisha kuyeyuka. Redio ilikuwa ikizimwa kwa kitufe, lakini haikulala kamwe.

Nilitenganisha nyaya hizo, nikaupeleka mwekundu kwenye waya wa gari unaopata umeme kwa ufunguo, na mita ikabaki kwenye 0.03. Kama namba isingeshuka baada ya fyuzi zote, ningeenda kwenye waya mnene wa alteneta, kwa sababu diodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zikiharibika huweza kuvujisha umeme kinyumenyume. Ila waya huo usiufungue kabla ya kutoa kichwa cha hasi cha betri, maana una umeme muda wote.

Jumatatu iliyofuata betri ilisoma volti 12.5 na gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza. Betri ya zamani nilikuwa nimeshaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, bila hata kuipima.