Je, ni lazima kusoma akiolojia ili kuchunguza mageuko ya binadamu?

Ndugu, umeuliza kama ni lazima uhamie akiolojia ili uwe mtafiti wa mageuko ya binadamu, au kama shahada ya baiolojia unayoisoma sasa inatosha. Ushauri wangu ni kwamba usiiache baiolojia, ila uongeze anatomia ya mifupa na jiolojia, kwa sababu kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini) kisichojulikana kimetoka katika tabaka gani la ardhi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Svante Pääbo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa utafiti wa kimaabara wa jenomu (jumla ya taarifa za urithi zilizo katika DNA) za binadamu wa kale, alipitia masomo ya tiba.

Hata hivyo, usidhani kwamba maabara imemaliza kazi ya uwandani. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mtafutaji visukuku Mkenya, aliona kipande kidogo cha fuvu, cheusi kama kokoto zilizokizunguka, ambacho wengi wangekipita. Uchimbaji uliofuata ukafichua sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Jicho la namna hiyo hujengwa kwa kutembea juani na kuinama, na Kimeu mwenyewe hakuwa na shahada alipoanza, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha.

Kuhusu ajira, nafasi ni chache, na baadhi ya wataalamu wa fani hii huishi kwa kufundisha anatomia katika vyuo vya tiba. Jifunze takwimu mapema, na unapomwandikia mtafiti kuomba akusimamie, mweleze swali moja mahususi unalotaka kulichunguza.