Maswali na majibu: Chemshabongo ya maneno yenye kina

Chemshabongo ya pande tatu nitaichoraje kwenye karatasi?

Kwa matabaka. Mchemraba wa 3×3×3 ni miraba mitatu ya visanduku tisa tisa, umeipanga ubavu kwa ubavu. Ndani ya kila mraba unasoma mlalo na wima kama kawaida. Neno la kina huanzia kisanduku cha tabaka la kwanza, likapitia kisanduku hichohicho katika la pili na la tatu.

Ugumu unaongezeka kweli, au ni wingi wa maneno tu?

Unaongezeka. Mraba wa 3×3 uliojaa una visanduku 9 na maneno 6. Mchemraba una visanduku 27 na maneno 27. Kila herufi inatumikia maneno matatu, kwa hiyo ukiigusa moja umeharibu matatu.

Nimejaribu kwa Kiswahili bila visanduku vyeusi, nakwama kila mara. Kosa ni langu?

Si lako. Karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu. Sasa safu ya chini kabisa ndiyo inayobeba miisho ya maneno yote ya wima, hivyo inajaa irabu tupu, na bado inatakiwa isomeke! Kwenye mchemraba wa 3×3×3 ni balaa: visanduku 19 kati ya 27 vinadai irabu, na maneno 15 hayapati konsonanti hata moja. "Eua" lipo, "aoe" tunaweza kulifumbia macho, halafu?

Weka visanduku vyeusi, au, kama nipendavyo mimi, tia silabi badala ya herufi. Chukua mchemraba wa 2×2×2. Kona ya kuanzia andika KA. Visanduku vitatu vinavyopakana nayo, TA. Vitatu vinavyofuata, MU. Kona ya mkabala, DA. Soma ukielekea mbali na KA: jozi zote 12 zinatoa "kata", "tamu" au "muda". Likichukuliwa kama fumbo ni hafifu, maana maneno yanajirudia, ila njia umeiona. (Ile "m" ya "mtu" ni silabi kamili, ipe kisanduku chake.)

Na kipimo cha nne, yaani mwelekeo wa nne wa kusoma?

Panga miraba tisa ya 3×3 kama jedwali la sudoku: visanduku 81, maneno 108. Mielekeo miwili iko ndani ya mraba. Mingine miwili inaruka mraba hadi mraba, kulia na chini, kwenye kisanduku kilekile. Kujaza mwachie kompyuta, wewe tunga vidokezo.

Lazima liwe umbo la mchemraba?

Hata kidogo. Fumbo la Arthur Wynne, linalohesabiwa kuwa chemshabongo ya kwanza ya maneno, lililotoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa na umbo la almasi, tena na tundu katikati.

Namba je?

Ziendeshe mfululizo, tabaka hadi tabaka, bila kuanza upya. Namba moja inaweza kubeba vidokezo vitatu: mlalo, wima na kina.