Angina hazifanani, ijue ya kwako

Mimi nina angina, yaani kifua kubana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha, na kila nikisema hivyo kuna mtu anajibu hata mjomba wangu anayo, anameza dawa fulani, ngoja nikutajie. Hapana jamani, usinitajie, maana angina ziko aina aina na dawa ya mwenzako inaweza ikakuumiza.

Yangu ni ile tulivu, yaani ina mazoea yake. Nikipanda ngazi haraka haraka, nikibishana na mtu au nikitoka nje kwenye baridi kali tumbo limejaa, kifua kinabana kama kuna mtu kanikalia, halafu inapanda mpaka kwenye taya. Nikitulia dakika chache inaachia. Mishipa inayolisha moyo imepungua upana kwa mafuta yaliyoganda, so moyo ukifanya kazi zaidi damu haitoshi.

Sasa ishike hiyo mazoea yake, coz siku ikibadilika ndo hatari. Imekuja umekaa tu, au inakuja mara nyingi kuliko zamani, au inauma zaidi na haiachii, hiyo sio tulivu tena, ni dharura, unaweza ukawa mlangoni mwa mshtuko wa moyo. Usisubiri asubuhi wala usijiendeshe gari mwenyewe, ita ambulensi. Na mtu ambaye hajawahi kuwa na angina akabanwa kifua kwa mara ya kwanza naye aende hospitali hapo hapo. Wengine, hasa wanawake, wazee na wenye kisukari, hawaumwi hata kifua, ni pumzi kukata, kichefuchefu au uchovu wa ajabu tu.

Ya Prinzmetal ni tofauti, mshipa unajikaza wenyewe, mara nyingi usiku au alfajiri mtu kalala zake, na sigara inaichochea sana. Wanaidhibiti na dawa kama amlodipini au diltiazemu, wakati propranololi ambayo mwenye angina tulivu anaweza kupewa, huyu inaweza kumzidishia. Umeona sasa kwa nini nakataa kutajiwa dawa?

Kuna na ya mishipa midogo, inapata zaidi wanawake. Hii inakera, picha ya mishipa mikubwa inatoka safi mtu anaambiwa ni mawazo tu. Ukiambiwa hivyo na bado unaumia, rudi, omba daktari wa moyo, ng'ang'ana.

Nitrogliserini ya chini ya ulimi, dawa ya kutuliza angina inapokuja, mimi haitoki mfukoni. Kaa kwanza ndo uiweke, inashusha presha unaweza ukadondoka. Dakika 5 zikipita hujapata nafuu, piga simu ya dharura. Na kama unatumia Viagra au dawa yoyote ya jamii hiyo, mwambie daktari kabla hajakuandikia, zikikutana na nitrogliserini presha inaweza kuporomoka mpaka ukafa, kwa hiyo aibu weka pembeni.