Ulaze kwanza juu ya karatasi

Masika ya mwaka juzi, mvua zilipokolea huku kwetu Muheza, nilichuma uyoga mweupe uani, kwenye majani mafupi wanapochezea watoto. Ulikuwa mpana kama sahani, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete shingoni. Nikaupika kwa tui la nazi. Hazikupita saa mbili, mimi na mdogo wangu tukaanza kutapika na kuharisha mpaka miguu ikalegea. Usiku ule tulitundikiwa dripu. Mungu alitunusuru.

Niliudhania uyoga wa kichuguu, ule tuliolelewa nao. Siku hizi nafukua kwanza. Uyoga wa kichuguu una ncha iliyochongoka katikati ya kofia, na shina lake linaendelea ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa wanaoulea. Ule wa uani shina lake linaishia kwenye kitako kilichovimba kidogo, na pete yake unaweza kuipandisha na kuishusha kama bangili.

Halafu ugeuze. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Huko ndiko zinakotengenezwa spora, mbegu zake. Ule wa uani ukiwa mchanga, kurasa hizo ni nyeupe pe, na hapo ndipo wengi tunaponaswa. Ukikomaa zinageuka kijani cha kijivu.

Kwa hiyo kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli, ulale. Spora moja ni kama sehemu ya mia ya milimita, huioni kwa macho, lakini zikianguka kwa wingi usiku kucha zinachora mistari kama spoki za baiskeli. Wa kichuguu huacha vumbi la waridi hafifu. Ule wa uani ulipoota tena palepale niliujaribu: kijani, kama unga wa mlonge uliopauka. Wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites.

Ukiona kijani, tupa. Usipokiona, bado usile kwa sababu hiyo tu: jamii ya Amanita ina uyoga unaoua ini, na spora zake ni nyeupe. Konokono kuutafuna si ushahidi kwamba ni salama, wala kitunguu saumu kutobadilika rangi sufuriani. Usioujua kwa hakika, uache shambani.

Na mtu akiugua baada ya kula, msingoje apate nafuu. Mpelekeni hospitali, na mbebe kipande kilichobaki.