Kaiji ndiyo iliyotangulia, si Squid Game

Hapana, aliyesema Kaiji imeiga Squid Game kageuza mambo. Kaiji, manga (katuni ya Kijapani) ya Nobuyuki Fukumoto kuhusu wadaiwa wanaocheza kamari, ilianza 1996; Squid Game, tamthilia ya Kikorea ya wadaiwa wanaoshindana kwa michezo ya kufa na kupona, imetoka 2021, na mwongozaji wake, Hwang Dong-hyuk, kashasema mwenyewe kwamba alikuwa akisoma Kaiji na Liar Game (manga nyingine) alipoanza kuibuni mwaka 2008.

Soma sehemu ya Kaiji ya meli ya Espoir, wadaiwa wanapocheza jiwe-karatasi-mkasi kwa kadi. Kila mdaiwa anapewa nyota 3 za kuchezea kamari na kadi 12: nne za jiwe, nne za karatasi, nne za mkasi. Ndani ya saa nne kadi zote ziwe zimetumika na nyota zisipungue 3. Halafu kuna ubao unaoonyesha kadi za kila aina zilizobaki, kwa hiyo anayejua kuhesabu hategemei tena bahati. Uhuni wote unaanzia hapo!

Ila ile michezo ya watoto kwenye Squid Game ni ile inayochezwa na watoto wa Korea, hawakuichukua kwa Fukumoto. Daraja la vioo la Squid Game ndilo linalonikumbusha Kaiji, pale wadaiwa wanapotembezwa juu ya vyuma vyembamba kati ya maghorofa usiku.